Mji Uliomtangulia Mtawala Wake: Kisa cha Werowocomoco

Mwezi Mei mwaka 1607, Waingereza 104, wanaume na wavulana, walianza kujenga ngome ya magogo kando ya mto James, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Virginia, Marekani. Wakaiita Jamestown. Vitabu vingi vya historia ya Marekani vinaanzia pale. Lakini kilomita kama 24 tu kutoka ngome ile, kwenye ukingo wa kaskazini wa mto York, palikuwa na mji wa watu wa lugha za Kialgonkini ulioitwa Werowocomoco. Huko ndiko alikokaa Wahunsenacawh, mtawala mkuu wa jamii zipatazo 30 zenye watu wanaokadiriwa kufika 15,000. Waingereza walimwita Powhatan. Walikula chakula chake, wakagombana naye, wakamwandika katika barua, vitabu na ramani zao. Mapema mwaka 1609 aliuhama mji, na baada ya hapo mahali penyewe pakasahaulika kwa walioandika historia, hata wataalamu wa karne ya 19 na ya 20 wakawa wanaonyesha sehemu tofauti za mto, kila mmoja akidai ndipo.

Kisa ninachokichambua ni cha kupatikana tena kwa mji huo, kufukuliwa kwake kuanzia mwaka 2003, na namna ufukuaji ule ulivyobadili tunachokijua kuhusu watu wa pwani ile kabla ya ukoloni. Swali la mwanzo lilikuwa la mahali: Powhatan alikaa wapi? Udongo ukaleta jibu la swali lingine ambalo maandishi ya Waingereza hayakuligusa kabisa, yaani kwa nini alikaa pale. Wahunsenacawh hakuzaliwa Werowocomoco. Alitoka juu zaidi, karibu na maporomoko ya mto James ambako leo kuna jiji la Richmond, akarithi jamii chache, akaongeza nyingine kwa vita, ndoa na mapatano, kisha akahamia mto York. Mimi nashikilia, na ushahidi nitakaoueleza unaniunga mkono, kwamba alihamia pale kwa sababu mahali pale palikuwa na heshima yake karne kadhaa kabla hajazaliwa. Mji ndio uliompa mtu ukubwa.

Nchi ya maji

Watu wenyewe waliita nchi yao Tsenacomoco. Ni nchi ya mito mipana inayomwaga maji katika ghuba ya Chesapeake: James, York, Rappahannock na Potomac. Ghuba hiyo ni bonde la mto Susquehanna lililozama pale bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu kwisha. Ndiyo maana maji hupwa na kujaa hadi mbali sana bara, chumvi ikipungua kidogo kidogo kadiri unavyopanda. Kwenye maji ya chumvi kuna chaza na kaa. Kwenye maji baridi kuna mabwawa yenye mimea ya viazi vya majini. Majira ya kuchipua, samaki wa jamii ya heringi na stajoni walitoka baharini kwa makundi makubwa, wakapanda mito kwenda kutaga mayai, na watu waliwangoja kwa mitego ya fito iliyosimikwa mtoni.

Hapa pana jambo ambalo msomaji akilikosa, kisa chote kitampotea. Makazi ya watu hawa hayakuwa kijiji kimoja kilichozungukwa na mashamba. Mwaka mzima ulikuwa ni mzunguko: uvuvi majira ya kuchipua, kilimo cha mahindi, maharage na maboga majira ya joto, mavuno, kisha familia nyingi kwenda bara kuwinda kulungu, na katika miezi ya njaa kuchimba viazi vya majini viitwavyo tuckahoe. Viazi hivyo vikiliwa vibichi huwasha koo vibaya sana. Ilibidi vichimbwe matopeni, kazi iliyokuwa ya wanawake zaidi, kisha vichomwe kwenye shimo kwa muda mrefu hadi sumu iishe ndipo visagwe unga. Basi mji kama Werowocomoco kuna nyakati ulijaa watu na kuna nyakati ulipwaya, wala haukukoma kuwa mji. Mwanaakiolojia anayetafuta ukuta na msongamano wa nyumba anaweza kupita juu yake asiuone.

Mahindi nayo yameelezwa vibaya mara nyingi. Yalifika na kuenea katika pwani ile kati ya mwaka 1100 na 1300 hivi, na wapo walioandika kana kwamba maisha yote ya Tsenacomoco yalianza na punje hizo. Watu walikuwa wakivua, wakila chaza na kufinyanga vyungu kwenye mito hiyo hiyo maelfu ya miaka kabla ya mahindi. Malundo ya makombe ya chaza ukingoni mwa mito ni kumbukumbu yao. Utafiti ulioongozwa na Torben Rick wa taasisi ya Smithsonian na kuchapishwa mwaka 2016 ulipima chaza wa nyakati mbalimbali kutoka ghuba hiyo, ukaonyesha kwamba uvuvi wa wenyeji uliendelea kwa milenia bila kuwafanya chaza wadumae kwa jumla. Uvuvi wa kibiashara wa karne ya 19 ulihitaji miongo michache tu kulimaliza lile lililokuwa limedumu hivyo.

Jinsi ulivyopotea na kuonekana tena

Sababu ya mji kupotea ni rahisi. Waingereza waliandika habari zake kwa miaka miwili tu, na waliotaka kuutafuta baadaye walifuata kumbukumbu za familia za wakoloni na jina la sehemu moja iliyo chini zaidi ya mto, ambako palikuwa na bomba la moshi la kale la mawe likiitwa bomba la Powhatan. Imani hiyo ilidumu vizazi. Ilhali ramani zilikuwepo. Ramani ya John Smith, mmoja wa viongozi wa Jamestown, iliyochapishwa mwaka 1612 inaonyesha Werowocomoco kwenye ghuba ndogo inayoingiwa na vijito vitatu, na ukitazama mto York wa leo, ghuba inayofanana hivyo ni Purtan Bay. Mwaka 1977 mwanaakiolojia Daniel Mouer aliokota vigae juu ya mashamba yaliyolimwa hapo na ufukweni, akataja eneo hilo kuwa linawezekana. Jambo likaishia hapo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Lililolifufua ni macho ya mwenye shamba. Familia iliyonunua ardhi ile katika miaka ya 1990 ilikuwa na mama aliyependa kutembea mashambani, na kila alipotembea aliokota: vigae, vichwa vya mishale, vipande vya mabomba ya tumbaku. Alivitunza kwa uangalifu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanaakiolojia David Brown na Thane Harpole waliokuwa wakifanya kazi katika wilaya ya Gloucester walivitazama vitu hivyo, wakatambua kwamba hiyo si takataka ya kambi ya siku mbili. Walimhusisha Randolph Turner wa idara ya urithi wa kihistoria ya Virginia, mtu aliyekuwa ameufikiria mji huu kwa miaka mingi.

Kuanzia Machi 2002 hadi Aprili 2003 walichimba mashimo 603 ya majaribio, kila moja likiwa mita 15 hivi kutoka jingine, kina chake sentimita 30 hadi 40. Nisiwachoshe na utaratibu wote, ila inafaa kuona shimo moja lilivyo. Unachimba kwa koleo shimo la duara. Udongo wote unaoutoa unaumwaga juu ya chekeche, unautikisa, unavunja mabonge kwa vidole, na kinachobaki juu ya waya unakitia kwenye mfuko wenye namba ya shimo. Mashimo mengine yanatoa kokoto tupu. Jingine linatoa kigae kimoja. Lakini ukichora mashimo yote 603 kwenye karatasi na kuandika idadi ya vigae kila mahali, umbo la mji linaanza kujitokeza lenyewe: hapa watu waliishi kwa wingi, hapa kidogo, pale palikuwa na kitu tofauti. Eneo lililofunikwa lilikuwa ekari kama 50. Hakuna makazi mengine ya wakati huo kando ya ghuba ile yanayolingana na maelezo ya Smith kwa ukubwa, mahali na umri kama hayo.

Uamuzi uliofanywa kabla ya ufukuaji

Hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na vingine vingi vya aina yake, na ndipo ningependa msomaji atulie.

Kabla ya kuutangazia umma mwaka 2003 kwamba mji umepatikana, watafiti walikwenda kwa wazao wa Tsenacomoco. Watu wa nje wengi hawajui kwamba wazao hao wapo. Wapamunkey na Wamattaponi wana ardhi zao za hifadhi hadi leo, zilizothibitishwa kwa mkataba wa mwaka 1677, na kila mwaka bado humpelekea gavana wa Virginia kulungu kama mkataba unavyotaka. Wapo pia Wachickahominy, Warappahannock, Wanansemond, Wamattaponi wa Juu na wengineo. Kikaundwa kikundi cha utafiti kilichomjumuisha Martin Gallivan na Danielle Moretti-Langholtz wa chuo cha William & Mary, na kando yake bodi ya ushauri ya wawakilishi wa jamii hizo, iliyoshiriki kuamua kazi iendeshwe vipi.

Sheria haikuwalazimisha watafiti. Ile sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inayohusu mabaki ya wafu na vitu vitakatifu vya wenyeji wa Amerika ilizihusu ardhi za serikali, makumbusho yanayopokea fedha za serikali, na makabila yanayotambuliwa na shirikisho. Shamba lile lilikuwa mali ya mtu binafsi. Na mwaka 2003 hakuna hata kabila moja la Virginia lililokuwa limetambuliwa na serikali ya shirikisho. Wapamunkey walikuja kutambuliwa mwaka 2015, na makabila mengine sita ya jimbo hilo kwa sheria iliyotiwa saini Januari 2018.

Ucheleweshaji huo una sababu ya kuhuzunisha. Mwaka 1924 Virginia ilipitisha sheria ya utengano wa rangi iliyogawa watu kuwa weupe na wasio weupe. Msajili wa vizazi na vifo wa jimbo, Walter Plecker, aliyeshika ofisi hiyo tangu mwaka 1912 hadi 1946, aliitumia kufuta wenyeji kwenye karatasi. Vyeti vyao vya kuzaliwa na vya ndoa vilibadilishwa, ikaandikwa kwamba wao si Wahindi Wekundu. Sheria ile iliangushwa mwaka 1967. Makabila yalipokuja kuomba utambulisho, yaliambiwa yaonyeshe karatasi, karatasi ambazo ofisi ya jimbo ndiyo iliyoziharibu. Fikiria basi maana ya kumwita mjumbe wa watu hao shambani, kumwonyesha kigae kilichotolewa ardhini, na kumwuliza, sio kumjulisha, kazi iendeleeje. Naona huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, na uliongeza elimu pia: bodi ndiyo iliyowasukuma watafiti waache kuutazama mji kama jukwaa la Powhatan na John Smith, wautazame kama mahali palipoishi watu karne nyingi.

Kilichotoka ardhini

Shamba lilikuwa limelimwa kwa karne nyingi, na jembe lilikuwa limevuruga tabaka la juu lote. Chini ya tabaka hilo ndiko kuliko na habari. Nyumba za watu hawa zilijengwa kwa fito ndefu zilizosimikwa ardhini, zikapindwa juu na kufungwa, kisha zikafunikwa kwa magome ya miti au mikeka. Hakuna jiwe, hakuna tofali. Mti ukioza ardhini unaacha rangi: duara dogo la udongo mweusi ndani ya udongo wa manjano. Mchimbaji hukwangua uso wa ardhi kwa mwiko hadi uwe laini, hunyunyiza maji kidogo, kisha hurudi nyuma akatazama. Madoa yanajipanga. Safu hii inapinda, safu ile inaifuata, na nyumba ya watu waliokufa zamani inasomeka kwa madoa tu.

Vigae navyo vina habari zake. Wafinyanzi wa pwani ile walisaga makombe ya chaza na kome, wakachanganya na udongo ili chungu kisipasuke motoni. Ardhi ya shamba lile ina tindikali, nayo imeyayeyusha makombe yale polepole, hivyo kigae unachokishika leo kina vitundu vidogo vidogo kama kilichogugunwa na mdudu. Kwa nje kina alama za kitambaa, kwa maana mfinyanzi alikigonga chungu kibichi kwa kibao kilichozungushiwa kitambaa au kamba. Kitambaa kimeoza miaka mia nyingi iliyopita, lakini mfumo wa nyuzi zake bado unahesabika juu ya udongo. Vyungu vya mchanganyiko wa makombe vilianza katika ukanda ule kama mwaka 200, na wapo wataalamu wanaohusisha kuenea kwake na kuenea kwa wasemaji wa lugha za Kialgonkini kuelekea kusini. Ni dhana nzuri, lakini chungu hakisemi lugha, na mimi ningeichukua kwa tahadhari.

Kikubwa kilichopatikana ni mitaro miwili. Ilianza kuonekana kama mistari myeusi ndani ya udongo, mwendo wa mita kama 300 kutoka ukingo wa mto. Walipoifuata, mitaro hiyo ilikwenda sambamba kwa zaidi ya mita 200. Vipimo vya kaboni viliweka uchimbaji wake wa kwanza katika karne ya 13 au ya 14. Kwa kulinganisha nyakati, ndizo karne ambazo Husuni Kubwa ilikuwa ikijengwa Kilwa. Wakati huo Wahunsenacawh hajazaliwa, na babu wa babu yake pia bado.

Mitaro hiyo ilikuwa ya nini? Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni vita. Lakini haina kina cha handaki la kumzuia adui. Gallivan na wenzake walitazama tofauti ya pande mbili. Upande wa mtoni kuna dalili nyingi za maisha ya kila siku: nyumba, majiko, mashimo ya taka, mifupa ya samaki, vigae kwa wingi. Upande wa ndani, ng'ambo ya mitaro, hali inabadilika, na huko ndiko zilikopatikana alama za jengo refu la zaidi ya mita 20 kwa upana wa mita 6 hivi, kubwa mno kuliko nyumba ya familia. Tafsiri yao ni kwamba mitaro ilitenga eneo la heshima na eneo la kawaida. Mgeni aliyeshuka kwenye mtumbwi alipita kwanza kati ya nyumba za watu, akatembea mwendo, akavuka mpaka, ndipo akafika mbele ya mkubwa.

Maandishi yanaiunga mkono tafsiri hii kutoka upande asiotarajia mtu. Mwaka 1608 balozi wa Uhispania mjini London, Pedro de Zúñiga, alimpelekea mfalme wake nakala ya ramani ya Virginia aliyoipata kwa siri. Kwenye ramani hiyo vijiji vimewekewa alama ndogo tu, lakini Werowocomoco ina alama yenye umbo la herufi D. Kwa karne nne hakuna aliyejua ni kitu gani. Baada ya mitaro kuonekana, alama ile ilipata maana. Smith naye aliandika kwamba nyumba ya mtawala ilikuwa mbali na maji.

Shaba, na mtu aliyekataa kupiga magoti

Miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa ni vipande vya shaba nyekundu. Vilipopimwa kikemikali, vililingana na shaba ya Ulaya iliyofukuliwa Jamestown. Kwa hiyo tunajua bila shaka kwamba bidhaa za ngome zilifika katika mji huu katika miaka ile miwili. Lakini shaba haikuanza kuthaminiwa na Waingereza. Kabla yao ilikuja kutoka bara, kupitia maadui na marafiki, kwa njia ambazo mkubwa aliweza kuzidhibiti. Ilikuwa madini ya heshima: ilivaliwa na watawala, ilizikwa na wakubwa, ilitumika kuwalipa waliokwenda vitani. Wahunsenacawh aliitaka shaba ya Jamestown kwa sababu hiyo hiyo. Naye Smith alilalamika kwamba mabaharia wa nahodha Newport walitoa shaba hovyo hadi bei yake ikaporomoka. Kilichokuwa kikiporomoka hakikuwa bei peke yake.

Sasa weka pembeni kisa cha Pocahontas, binti wa Powhatan, kumwokoa Smith asiuawe, ambacho Smith alikichapisha kwa ukamilifu mwaka 1624, miaka mingi baada ya tukio. Kimewachukua watu muda mwingi kupita kiasi. Tukio ambalo naliona kuwa muhimu zaidi lilitokea majira ya vuli mwaka 1608. Kampuni ya Virginia, iliyoanzisha Jamestown, ilituma taji kutoka London ili Powhatan avikwe na kuwa chini ya mfalme James wa Kwanza. Smith alikwenda kumwalika aje Jamestown kupokea zawadi zake. Mzee akajibu kwamba naye pia ni mfalme, na hii ni nchi yake; atangoja siku nane hapo alipo, Newport ndiye aje kwake. Newport akaenda. Walileta beseni, birika, kitanda na joho jekundu. Ilipofika kumvika taji, alikataa kupiga magoti. Waliomzunguka walimwegemea mabegani hata akainama kidogo, ndipo wakaliweka.

Waingereza walilisimulia jambo hili kama ukaidi wa mshenzi asiyejua adabu za kifalme. Ukilisoma ukiwa na mitaro akilini, linageuka. Mtu aliyekaa ndani ya mpaka uliochimbwa zamani, katika jengo refu ambalo wageni hulifikia kwa kutembea na kuvuka, hawezi kutoka kwenda kupokea cheo kwenye ngome ya magogo ya watu wenye njaa. Angetoka, cheo chake kingebaki nyuma. Heshima ilikuwa mahali, na wanaoileta zawadi ndio wanaoinama. Kwa macho ya watu wake, siku ile Waingereza walikuja kulipa kodi.

Ndiyo maana pia kuondoka kwake mapema mwaka 1609 ni jambo zito zaidi kuliko maandishi yanavyoonyesha. Utafiti wa pete za miti ya misonobari ya mabwawani, uliochapishwa mwaka 1998, umeonyesha kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa ya ukame mkali kuliko wowote katika muda wa miaka karibu 770. Mahindi yalikuwa machache, na Waingereza walikuwa wakipanda mto wakiwa na bunduki kudai mahindi. Januari ile Smith alifika Werowocomoco, mazungumzo yakaharibika, na baada ya muda mfupi mzee alihamia Orapax, ndani zaidi, mbali na merikebu. Aliacha mahali palipokuwa pamechaguliwa na kutunzwa kwa miaka 400 hivi. Kwa Smith ilikuwa hila ya kumkwepa. Kwa watu wa Tsenacomoco ilikuwa kama mji wote kuvunjwa bila nyumba kuchomwa.

Mipaka ya ushahidi

Nimeitetea tafsiri ya mitaro, lakini haki inataka niseme udhaifu wake. Maelezo yoyote tuliyo nayo ya namna mgeni alivyopokelewa ni ya mwaka 1607 hadi 1609, ilhali mitaro ilichimbwa karne tatu kabla. Kusoma ya zamani kwa macho ya baadaye ni hatari. Huenda mahali pale palikuwa pa ibada kwanza, pakawa pa utawala baadaye. Katika nchi ile ile, Uttamusak kwenye mto Pamunkey palikuwa na majengo matatu marefu ya makuhani, na wageni wa kawaida hawakuruhusiwa kuyakaribia. Inawezekana Werowocomoco ilianza kwa sura ya namna hiyo. Hata hivyo dhana yangu ya msingi haitikisiki kwa hilo: iwe ibada iwe utawala, kulikuwa na mpaka, na mpaka ulimtangulia mtawala.

Udhaifu wa pili ni kwamba shamba limechimbwa kwa sehemu ndogo sana. Hilo halikutokana na uvivu wala ukosefu wa fedha tu. Ufukuaji huharibu kinachofukuliwa, na sehemu kubwa iliachwa kwa makusudi.

Hali ya sasa

Eneo liliingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 2006. Mwaka 2016 idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ilinunua ekari 264 kutoka kwa familia iliyolitunza. Makabila saba yenye mizizi katika Tsenacomoco yameingizwa katika mipango ya eneo hilo, na mashauri nao ndiyo yanayoongoza swali gumu la sasa: wageni waruhusiwe kuona nini, na wapi wasikanyage. Wakati huo huo maji ya ghuba ya Chesapeake yanapanda kwa kasi kuliko sehemu nyingi za pwani ya mashariki ya Marekani, kwa kuwa na ardhi yenyewe inadidimia, na ukingo wa mto York unamomonyoka. Sehemu ya kwanza kuliwa na maji ni ile ya mtoni, ambako watu wa kawaida waliishi, walikopika na kutupa mifupa ya samaki. Mitaro iko mita 300 ndani na ina muda zaidi. Kama kuna ufukuaji mwingine wa kuombewa idhini ya makabila, naona uanzie ukingoni, kwenye majiko.